Fimbo za Pazia

Fimbo za pazia zilikuwa zimegoma kuingia kwenye pikipiki.

Kwa mkewe, kile kifurushi kirefu kilichofika juzi kilikuwa na fimbo za pazia. Ndivyo mwalimu wa hesabu alivyomwambia, kwa uso mkavu kabisa, huku akikisukumia chini ya kitanda. Ukweli ni kwamba ndani yake mlikuwa na usukani mpya wa pikipiki, mrefu kama pembe za ng'ombe wa maonyesho, pamoja na vipande viwili vya chuma vya kuunyanyua vidole vinne zaidi. Na sasa, saa tano asubuhi, mwalimu alikuwa amechuchumaa stoo akijaribu kuoanisha matundu ya bolti yasiyotaka kuoana.

Alikuwa mgonjwa, lazima isemwe. Mafua makali yalimpata jana jioni, mara tu alipomaliza kumwandikia mkuu wa shule ujumbe wa kuomba ruhusa. Huyu ndiye mwalimu aliyewahi kumwambia mwanafunzi kwamba homa yake inaijua mno ratiba ya mitihani.

Mkewe, muuguzi, hakuyapokea mafua hayo vizuri.

"Leo? Kweli leo?" alimuuliza asubuhi. "Si uende tu. Mafua hayajawahi kumzuia mtu kuandika ubaoni."

Kisha akatoka mbio, akikimbilia basi kama mtu asiyejua linapita saa ngapi. Masikini, mwalimu aliwaza chini ya blanketi, wasiwasi wa mume umemchanganya.

Lakini uongo ulikuwa kitu kidogo. Kikubwa kilikuwa kiapo. Miaka miwili iliyopita, kona moja na mchanga kidogo vilimvunja kifundo cha mkono wa kushoto. Pale pale hospitalini, plasta haijakauka, mkewe alimwapisha: pikipiki ile haipandwi tena na mtu wa nyumba hii. Mwalimu alipendekeza iuzwe. Mkewe akakataa katakata.

"Ibaki stoo," alisema. "Iwe fundisho."

Mwalimu, ambaye kazi yake ni mafundisho, alikubali kufundishwa.

Kifundo kilipona, lakini kilibaki kikavu kama mpini wa jembe. Usukani wa zamani ulikuwa chini, ulitaka mtu aegemee mikono. Huu mpya ungemletea vishikio juu, mkono ukae umenyooka. Wala hakutaka safari. Alitaka kuzunguka uwanja wa mpira mara moja tu, kisha aishi mume mwema mpaka kufa.

Kabla ya kuufungua ule wa zamani, alikuwa ameketi kitini kuuaga. Vioo vilikuwa vimeinama, vikimwonyesha vifungo vya shati badala ya uso. Hata vioo, aliwaza, vinaona aibu kunitazama.

Simu ililia. Alikuwa mkewe.

"Umelala?"

"Nimelala," alijibu, spana mkononi.

"Mbona sauti yako ina mwangwi?"

"Kamasi hizo."

"Pole. Usitoke kitandani basi. Na stoo usiende kabisa, kule kuna vumbi, litakumaliza."

Simu ilipokatika, jasho lilimtoka. Stoo imetoka wapi? Miaka kumi na moja ya ndoa, na mwanamke huyu sasa anaona kupitia kuta.

Mtu mwenye akili angeacha. Mwalimu alivigeuza vile vipande nusu mzunguko, na matundu yakaoana kama yaliyokuwa yakimsubiri atubu. Akakaza bolti nne. Waya wa klachi ulikuwa umevutika kama kamba ya kuanikia nguo. Akaupitisha upande wa ndani, ukalegea. Akageuza usukani kushoto, akaugeuza kulia. Hakuna kilichokwama wala kuvutwa.

Akabonyeza kitufe, kwa kujaribu tu. Injini ikawaka papo hapo.

Miaka miwili gizani, na mashine ilikuwa bado mwaminifu. Yeye hakuweza kushika neno lake. Alipanda, akashika vishikio. Kifundo hakikuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililommaliza. Angekuwa na maumivu, angalau angekuwa ameadhibiwa.

Ngurumo ya injini ilimeza sauti ya geti. Alipoinua macho, mkewe alikuwa mlangoni mwa stoo, bado na sare zake, mkoba begani, akihema.

"Nimeomba ruhusa," alisema. "Nimewaambia nina mgonjwa nyumbani."

Mwalimu alizima injini.

"Hizo ndizo fimbo za pazia," mkewe alisema.

"Ndizo."

Kisha akayamwaga yote: kifurushi, ujumbe kwa mkuu wa shule, kamasi. "Nilikuapia, na nimekudanganya mchana kweupe. Sijaiendesha hata hatua moja, lakini ningeiendesha. Sema lolote, mke wangu. Hata ukitaka iuzwe leo."

Mkewe alikuwa akiutazama usukani, ncha hii, kisha ncha ile, kwa uso wa mtu anayesoma matokeo ya mtihani alioufeli. Akamwashiria kwa kidole ashuke. Akampa mkoba. Akapanda yeye, na mguu wake ukaipata gia bila macho kuangalia chini.

Akanyoosha mikono kushika vishikio. Mikono ikapanda, ikapita mabega, ikapita masikio, akabaki ameketi pale mikono juu kama mwizi aliyezungukwa na polisi.

"Urudishe ule wa zamani," alisema, bila kumtazama. "Kesho nina zamu ya asubuhi."