Simu Isiyojua Utani

Haya ni kweli tupu. Nikidanganya, jogoo wangu mwekundu achinjwe.

Siku hizi kila simu inayouzwa hunusa uongo. Ukiongopa inazima, na haiwaki mpaka imsikie mwenyewe akimwomba radhi aliyemwongopea. Nyumba zimepoa kama matanga yasiyo na watani. Mimi Mnyamwezi nilikataa kuacha utani. Nikampigia mtani wangu wa Kizaramo, Bi Chausiku: "Babu yenu alikimbia chura, ndiyo maana mnakaa Pwani!"

Simu ikazima.

Fundi simu akaniambia, "Mzee, omba tu radhi iwake."

"Mtani haombwi radhi!" nikamfokea. Nikarudi nayo nyumbani, nikaitania kutwa nzima, mpaka ikauelewa utani, ikawaka yenyewe na kunijibu, "Nawe kichwa kama kifuu!"

"Muongo!" mke wangu amedakia kutoka jikoni. "Si ulikwenda nayo kwa Chausiku ukamwomba radhi, sauti imelegea kama uji?"

Basi jogoo kaliwa, na paja kalichukua Bi Chausiku. Simu tumeifunika chini ya karai, tunatukanana kwa raha zetu. Mara moja moja karai linatikisika. Acha litikisike.