Mstari wa Faksi ya Kibwana

Tangu simu zijifunze kuiga sauti ya mtu yeyote, hakuna aliyeamini neno mpaka lifike kwenye karatasi. Ndiyo maana ofisi ya bima alikofanya kazi Kibwana, kule Dodoma, haikuitupa faksi yake kuukuu. Na ndiyo maana mkewe, Mwanamkuu, aliiweka ya kwake sebuleni Tanga, kaifunika kitambaa cha kufuma kama biarusi.

"Sauti hata kasuku anayo," aliwaambia wapigaji simu. "Leteni karatasi!"

Mashine ya Kibwana ilikuwa na ugonjwa wake: kila karatasi iliitia mstari mweusi pembeni. Mwanamkuu akiuona tu, moyo hutulia. "Umekula, mke wangu?" karatasi huuliza, naye hucheka peke yake.

Leo karatasi ilitoka na maandishi yake, ila pembeni nyeupe pe. Hajaisoma, simu ikalia.

"Tumeletewa mashine mpya," ilisema sauti ya Kibwana, kwa kicheko chake kilekile. "Haichafui tena. Umefurahi?"

Mwanamkuu aliigeuza karatasi huku na huku, akitafuta japo doa.

"Nimefurahi, mume wangu."

Kisha akachukua wanja wake, akauchora ule mstari mwenyewe, taratibu, toka juu hadi chini, ndipo akaketi kusoma.