Karoti Zenye Vichwa

“Bustani hiyo utailima na nani sasa, mama?” jirani aliniuliza siku ya arobaini ya mume wangu.

Wiki moja kabla ya Navruz, sikukuu ya mwaka mpya theluji inapoisha, shemeji yangu Norkul alikuja na kamba, akailaza chini kuipima bustani.

“Kaka aliniachia mimi, shemeji. Alisema kachoka, hapandi tena.”

“Ngoja nitoe karoti zangu kwanza.”

“Karoti za mwaka jana? Unafuga panya?”

Nilifukua shimo la akiba ambalo marehemu alilifukia mwenyewe kabla ya theluji, tayari akiumwa. Udongo ulikuwa baridi hata vidole vikafa ganzi. Karoti za juu zilikuwa za kula, zimekatwa vichwa zisichipue, kama kila mwaka.

Chini yake, kwenye mchanga, alikuwa amepanga nyingine thelathini, zote na vichwa vyake. Hizo haziliwi. Theluji ikiisha hurudishwa ardhini zitoe mbegu. Zilikuwa zimeanza kuchipua, rangi ya manjano.

Norkul ni mkulima. Aliziona, akajua ni za mbegu.

“Bismillahi,” nilisema, nikachimba tundu la kwanza pale kamba ilipopita.

Akaikunja kamba yake, akatoka.