Daftari la Tunu

Katika mafunzo ya viongozi vijana, kila asubuhi washiriki walibadilishana madaftari. Siku hiyo Nasibu, mhandisi, alipewa la Tunu, muuguzi. Tunu alikuwa ameandika nyumba za mtaani kwao ambamo watoto huharisha kila mvua ikinyesha.

Nasibu akatandaza mezani ramani yake ya mtaa huo, akazitia nyumba hizo alama moja moja. Zote zilichota maji kutoka kisima kimoja, na mfereji wa maji machafu aliokuwa ameuchora ungepita ubavuni mwa kisima hicho.

"Dada Tunu, wiki ijayo nilikuwa naanza kuchimba," alisema. "Ahsante. Ahsante sana."

"Basi futa," alisema Tunu, akimsogezea ufutio.

Nasibu alifuta mfereji wote. Kisha akampa Tunu penseli achore njia mpya mbali na kisima, akaishika ramani kwa mikono miwili isipeperuke.