Kitambaa Ndani ya Mpira wa Rejeta

Gari la mashindano lilikuwa limechemsha kwa mara ya tatu. Afande, polisi anayeliendesha, alizunguka gereji yetu ya Kisenyi akitazama saa.

"Kesho asubuhi ni mbio, dada. Rejeta mpya, pampu mpya, na bado linachemsha! Yule mzee wenu alifanya nini humu ndani?"

Yule mzee ni Bashir, aliyenifundisha kazi. Bosi alimfukuza juzi kwa sababu ya injini hii. Watu wote wa gereji walisema macho yake yamezeeka, nami nikaendelea na kazi yangu.

Nilifungua mpira wa juu wa rejeta, unaopitisha maji ya kupoza injini, nikaingiza vidole. Viligusa kitu laini. Nilikivuta polepole, kikatoka kikichuruzika maji ya kijani. Kilikuwa kipande cha mtandio, kimekunjwa mara mbili.

Maua yake ya zambarau niliyajua. Mtandio huo niliuchana mwenyewe wiki mbili zilizopita, nikaziba nao mpira ili vumbi lisiingie. Kisha nikaitwa kula. Niliporudi, nikafunga kila kitu bila kuutoa.

Afande alikuwa amenipa mgongo, akiongea kwa simu. Pipa la taka lilikuwa hatua mbili tu kutoka nilipochuchumaa.

"Umepata kitu?" akauliza bila kugeuka.

Nilikibana kitambaa ndani ya ngumi. Maji yakanitiririka hadi kwenye kiwiko.

"Nimepata, afande," nikasema, nikifungua ngumi. "Ni kosa langu mimi, si la Bashir. Niitie bosi."