Dakika Thelathini Nje ya Chombo

Fyuuu. Khaa. Fyuuu. Khaa.

Sauti ilitoka nyuma ya turubai, ndani ya ghala la mpunga pale Chimala, na watu mia mbili wakanyamaza. Ilikuwa pumzi ya mtu anayehema ndani ya bomba.

"Mwanaanga wetu yuko tayari," Mwalimu Bujiku alitangaza kwenye kipaza sauti. "Shemeji yangu Nashoni, kaka wa mke wangu. Mpakia magunia wa hapahapa."

Turubai likafunguliwa. Likatoka umbo nene jeupe: suti ya viroba vya mchele, tabaka tatu, helmeti ya pikipiki yenye kioo cheusi, glovu za mchomelea vyuma. Esther, mke wa Bujiku, alikuwa amelishika mkono kama anavyoshikwa bibi harusi.

Shule mbili tu zilikuwa zimebaki kwenye mashindano ya kuigiza kazi za wanaanga, ya Bujiku na nyingine ya Kihesa, Iringa. Zawadi ni darubini. Wanafunzi wa Bujiku walikuwa wamejifunza mwezi kwa miaka mitatu kwa kuchorewa ubaoni, na Bujiku hakuwa fundi wa kuchora. Mwezi wake ulifanana na andazi. Darubini ile aliitaka kuliko mshahara.

Masharti yalikuwa mepesi kuyasema. Mtu aning'inie kwenye kapi la kupandishia magunia kwa nusu saa, afunge bolti sita kwenye tangi la bati, asiguse chini, asivue helmeti. Kuongea hakuna, maana pumzi hutia ukungu kwenye kioo. Kugonga tangi mara moja ni salama. Mara mbili, nishusheni. Yule wa Kihesa alishushwa dakika ya kumi na tisa, akilia, lakini bolti tano alikuwa ameshazifunga, na bolti ndizo zinazohesabiwa.

"Usimsemeshe sana, Baba Regina," Esther alinong'ona. "Mwache afanye kazi."

"Shemeji asiposemeshwa analala," alijibu Bujiku, akavuta kamba.

Umbo likapaa, likazunguka mara mbili, likajigonga kwenye tangi. Watu wakacheka. Madam Veneranda, jaji kutoka Iringa, hakucheka. Alitazama saa yake.

"Ndugu zangu," Bujiku akaanza, "mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo angani alikuwa Mrusi, mwaka 1965. Alipotaka kurudi ndani, suti ilikuwa imevimba, haingii. Ikabidi apunguze hewa yake mwenyewe ndiyo apite. Shemeji yangu yeye amevimba tangu nyumbani."

Bolti ya kwanza ikaingia. Ya pili.

"Mwaka uliofuata, Mmarekani alitoka jasho hadi kioo kikajaa ukungu, akawa kipofu juu ya dunia nzima. Wengine glovu zimewang'oa kucha. Na wote huvaa nepi, maana kule nje hakuna choo. Shemeji, yako umevaa?"

Umbo halikugonga. Bolti ya tatu ikaingia kwa hasira.

Dakika ya ishirini na mbili, bolti ya tano ilianza kuteleza. Glovu ziliishika, zikaikosa, zikaishika tena. Pumzi ilikwenda mbio, fyu-kha, fyu-kha. Miguu ikatafuta hewa pa kukanyaga. Bujiku aliona darubini ikiondoka kwenda Kihesa. Akajua dawa moja tu, utani.

"Shemeji, usituaibishe! Suti hiyo kashona mama yako kule Ilomba, kwa cherehani inayonguruma kama yeye. Miaka saba nimeoa kwenu, sijauona hata uso wake, kama mila inavyotaka, na mila hiyo naishukuru. Sauti yake tu kutoka nyuma ya mlango hunitoa hamu ya kula!"

Ghala likalipuka kwa vicheko. Esther akafunika uso kwa khanga.

Spana ilisimama. Kioo cheusi kikageuka polepole, kikamtazama Bujiku kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha glovu ikagonga tangi mara moja, kishindo ambacho kiliangusha vumbi la mpunga kutoka kwenye kenchi za paa.

Bolti ya tano ikaingia. Ya sita ikaingia kama msumari kwenye ndizi.

"Dakika thelathini na moja," alisema Madam Veneranda. "Bolti zote. Darubini ni ya Chimala."

Wanafunzi wakapiga kelele hadi njiwa wakatoka. Bujiku akashusha kamba, akalikumbatia lile umbo, akaliinua juu, akaliweka chini, akalichapa kofi zito la makalio.

"Dume!" akasema. "Shemeji, leo wewe ni dume. Lete kichwa hicho watu wakuone." Akashika helmeti, akafungua mkanda wa kidevuni.

"Usivue, Baba Regina," alisema Esther.

"Kwa nini nisivue, ameshinda huyu."

"Shemeji, usivue." Sauti hii ilitoka mlangoni, nyuma ya watu. Nashoni alikuwa amesimama pale, kandambili miguuni, macho chini. "Mimi kamba ilinitisha. Mama akasema watoto hawawezi kukosa darubini kwa ajili ya uoga wangu, akaivaa suti mwenyewe."

Bujiku akaurudisha mkanda polepole, akaufunga. Akageukia ukuta wa magunia, akajiziba macho kwa mikono yote miwili, na mbele ya watu mia mbili akasema kwa sauti:

"Mama, Jumamosi naleta ng'ombe wawili wa faini Ilomba. Na wa tatu kwa ajili ya lile kofi."