Sungura Mwenye Sufi Tumboni

Hapo zamani za juzi, Kisufi, sungura wa kitambaa, alifuliwa akaanikwa kambani kwa masikio. Jogoo akamcheka mpaka mbingu ikapata ufa. "Mdogo wangu, tumboni una sufi tupu. Mimi nikiwika, jua linaniomba radhi kwa kuchelewa."

Kisufi akaona aibu, maana ni kweli. Akatamani naye awe na utumbo kama wenzake.

Mara akashuka mwewe mkubwa kuliko nyumba. Jogoo akajibanza chini ya beseni. Mwewe alipomkosa, akamrarua Kisufi tumbo, akabugia sufi, akapiga chafya saba zilizomrusha hadi mwezini.

Kisufi alipokwisha kushonwa, Jogoo akamsogelea polepole. "Kaka, hivi hiyo sufi inapatikana wapi?"